Shavu la Kifungo

Siku mwenye nyumba aliporudisha gari nyuma bila kutazama akamkanyaga Shangazi, wa kwanza kusikia mlio alikuwa Bibi Mgomo, na wa mwisho kusahau atakuwa yeye huyo huyo.

Shangazi alikuwa kuku. Watoto walimpa jina hilo kwa sababu alikuwa na maneno: ukipita anakusema, usipopita anakusema. Alikuwa ametaga mayai kumi na mawili ndani ya tairi bovu kwenye kona ya ua, akayaatamia siku nane bila kuomba ruhusa kwa mtu. Siku ya tisa alitoka kwenda kunywa maji, dakika tano za haki yake, ndipo gurudumu likamkuta. Mwenye nyumba alishuka. Alilitazama gari lake kwanza, akapitisha kidole kwenye rangi, kisha ndipo akaangalia kilichokuwa chini.

"Kuku tu," akasema, akaingia ndani kwake.

Maneno mawili. Bibi Mgomo alikuwa amesimama mlangoni na ufagio mkononi, na yale maneno mawili yalimpata pale pale yalipokuwa yamempata zamani, maana aliwahi kuyasikia yakiwa na nguo nyingine. "Wafumaji tu," alisema meneja wa kiwanda cha nguo siku alipowafukuza wanawake arobaini na mmoja. Miaka ishirini na miwili imepita. Wenye vyeo kumbukumbu zao ni fupi kama mkia wa mbuzi. Bibi Mgomo anakumbuka mpaka rangi ya tai aliyovaa yule meneja.

Pembeni yake walikuwa wajukuu wake wawili. Mkubwa, msichana wa miaka saba, aliitwa Swali, na asiyejua kwa nini alikuwa hajakaa naye hata robo saa. Mdogo, wa miaka minne, aliitwa Kifungo, kwa kuwa alikataa katakata kufungwa shati na mtu mwingine, akawa anatembea siku nzima upande mmoja wa shati uko juu, mwingine chini, na uso wa mtu aliyejifunga mwenyewe.

Swali hakulia. Aliuliza, "Bibi, na mayai je?"

Bibi Mgomo alijibu kabla hajafikiri, tena kwa sauti ya kufika dirisha la mwenye nyumba. "Mama yao amekufa. Wao watazaliwa."

Kisha akauma ulimi, lakini neno likitoka halirudi. Tangu siku ile ya kiwandani alikuwa hajamwahidi mtu kitu. Ahadi ya mwisho aliyoitoa aliitoa akiwa juu ya meza ya chakula ya wafanyakazi, wenzake wamemzunguka, akawaambia: tukigoma pamoja hakuna atakayefukuzwa. Wakagoma pamoja. Wakafukuzwa pamoja. Wapo waliomwelewa, wapo ambao hadi leo wakikutana naye sokoni wanageukia nyanya. Tangu hapo akiulizwa kesho itakuwaje hujibu, "Kesho ina wenyewe." Sasa ameahidi uhai wa viumbe kumi na wawili mbele ya watoto wawili ambao hawajawahi kudanganywa naye. Swali alikuwa tayari ameshika pindo la nguo yake na kusema, "Haya Bibi, twende tukawazae."

Wakaenda kuwazaa.

Bibi aliyafunga mayai ndani ya fulana ya sufu, akayaweka tumboni na kukaa nayo kitako kama mjamzito wa miezi tisa, hadi mkwe wake aliporudi kula mchana. Mkwe huyu alikuwa fundi wa redio, na mtaa mzima ulimwita Fundi Waya kwa sababu mfukoni mwake hapakukosekana kipande. Hakuuliza maswali mengi. Alisikiliza, akajikuna kidevu, akatoka, akarudi na sanduku la redio kubwa ya zamani, ya mbao, iliyokuwa imekaa kibandani kwake miaka mingi ikisubiri kufufuliwa. Akaitoa matumbo yote. Ndani akafunga balbu moja, akaifunika kwa kopo la maziwa lililotobolewa matundu, ili mwanga usiyachome mayai. Juu akaweka kioo cha fremu ya picha ya harusi yake. Tundu la spika likawa la kupitisha hewa. Kwenye kona kisahani cha maji, maana hewa kavu hugandisha ngozi ya ndani ya yai, kifaranga akashindwa kutoka.

Kilichobaki kilikuwa kipimo, na hicho kililetwa na binti wa Bibi Mgomo, mama wa watoto. Alikuwa muuguzi, wodini mwaka wa kumi na sita, mtu wa mikono safi na maneno machache. Alitoa kwenye mfuko wa sare yake kipimo cha homa, kile cha kioo chenye zebaki, akakilaza katikati ya mayai, namba zikitazama juu ili zisomeke bila kufungua. Balbu moja haikutosha, zebaki ilikwama chini. Fundi akaongeza ya pili, nayo akaivika kopo. Zebaki ikapanda polepole, watoto wameshikilia pumzi, ikafika thelathini na nane, ikatua hapo.

"Joto la kuku," akasema muuguzi. "Tusiliguse tena."

Jioni hiyo hiyo Bibi aliitisha mkutano. Mtu aliyewahi kupanga zamu za wanawake mia tatu hashindwi na nyumba ya watu watano. Aliandika kwa mkaa kwenye ubavu wa sanduku: asubuhi mama, mchana Bibi, jioni Fundi pamoja na Swali. Kila yai lilichorwa kwa penseli duara upande mmoja na alama ya mkasi upande wa pili, na kila zamu iliyageuza yote, kwa kuwa yai lisilogeuzwa kiinitete chake hugandia ukutani. Muuguzi naye akaweka sharti lake, na kwa sharti lake hana mchezo: hakuna kugusa yai kabla ya kunawa kwa sabuni na maji ya ndoo, mpaka kwenye viwiko. Hata mama yake mzazi alinawa. Hata Fundi, ambaye mikono yake ilikuwa haijawahi kukubaliana na sabuni, alinawa.

Tatizo likawa Kifungo. Saa ya kwanza tu alinawa vizuri, akachukua yai, akataka kulisalimia, akalibana. Wakabaki na kumi na moja. Hakuna aliyempiga wala kumfokea, kwa sababu uso wake mwenyewe ulikuwa umeshamfokea vya kutosha, lakini mkutano uliamua kwamba Kifungo hatashika tena kwa mikono. Aliisikiliza hukumu mpaka mwisho.

"Na shavu?" akauliza.

Wakubwa wakatazamana. Mama yake alitaka kukataa, Bibi akamwahi. "Sheria imesema mikono. Shavu haikulitaja." Katika maisha yake alikuwa ameshindwa mara nyingi kwa maneno yaliyoandikwa kwenye karatasi, na akilipata neno la kumwokoa mtu mdogo halitupi. Basi ikawa kila zamu sanduku likifunguliwa, Kifungo huinama, mikono ameifumba mgongoni kama mkaguzi, akaweka shavu juu ya mayai kwa muda wa pumzi mbili tatu. Kisha huinuka na kutoa taarifa. "Wamelala." Au, "Huyu ananipenda." Taarifa zake zilipokewa kwa kicheko, naye hakujali. Ilikuwa kazi, na alikuwa akiifanya.

Siku ya kumi waliyamulika mayai. Waliingia wote watano ndani ya kabati la nguo mchana kweupe, wakafunga mlango, wakaminyana kati ya makoti na sare za hospitali. Fundi akaweka tochi chini ya yai la kwanza, na yai likawaka kama taa. Ndani yake kulikuwa na mishipa myembamba, myekundu, imesambaa kama mizizi, na katikati doa jeusi likirukaruka. Muuguzi, ambaye amesikiliza mioyo ya watu hadi ameacha kuihesabu, alisogeza uso hadi pua ikagusa ganda. Fundi, anayejua kila njia ya kupitisha sauti kwenye waya, aliishika tochi kwa mikono miwili. Swali akanong'ona.

"Huo moyo, nani aliuwasha?"

Kwa mara ya kwanza aliuliza jambo mara moja tu. Yai la pili, la tatu, mpaka la kumi na moja, yote yalikuwa na moyo. Bibi Mgomo alitoka kabatini macho yamelowa, akasingizia jasho. Mayai yaliyokaa ndani ya tairi bovu, yakahamia tumbo la bibi kizee, yakaishia ndani ya redio, na bado yanadunda. Alikumbuka wale waliomwambia kwamba watu wanyonge hawana uvumilivu.

Siku ya kumi na mbili umeme ulikatika, saa tatu nzima, bila tangazo, kama kawaida ya wale wasioona haja ya kumtangazia mtu. Bibi alikuwa peke yake na Kifungo. Alifunika sanduku kwa mablanketi yote ya nyumba, akachemsha maji, akapanga chupa za maji ya moto pande zote, akazibadilisha kila zilipopoa, na kila mara aliinua pembe ya blanketi kuchungulia kipimo. Thelathini na nane. Zebaki haikushuka hata unywele. Jioni alipowasimulia, Fundi alilipiga sanduku lake kofi la mapenzi na kusema mbao za zamani si mchezo. Bibi akasema si mbao, ni mablanketi na mpangilio. Wakabishana kwa furaha mpaka chakula kikapoa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejiuliza ni sanduku gani duniani linaloweza kukatiwa moto saa tatu lisipoe hata kidogo.

Siku ya kumi na nne, zamu ya mchana, Kifungo aliinua shavu lake akasema, "Wana baridi."

Bibi alitazama kipimo. Akagusa yai kwa vidole vyake vilivyotoka kwenye ndoo muda huo huo. Lilikuwa na uvuguvugu mzuri. Akamwambia hapana, baba, wako sawa.

Siku ya kumi na tano, zamu ya jioni, akasema tena, na baba yake akamwonyesha namba kwenye kioo na kumfundisha kuisoma: tatu, halafu nane. Kifungo aliijifunza. "Tatu nane," akasema, "lakini wana baridi." Swali akamcheka kwamba shavu lake limeharibika, lipelekwe kwa fundi.

Siku ya kumi na sita ilikuwa mapumziko, wote wako nyumbani. Zamu ya asubuhi muuguzi alinawa mpaka viwikoni, akafungua, Kifungo akaweka shavu. Alikaa nalo muda mrefu kuliko siku zote. Alipoinuka hakuwa na hasira wala machozi. Alisema kwa sauti ile ile ya taarifa, "Mama, wana baridi."

"Mwanangu, kipimo hakidanganyi," akasema mama yake kwa upole, akianza kufunika.

Bibi Mgomo alikuwa anafagia. Ufagio ukasimama.

Sentensi ile aliifahamu. Kiwandani, kwenye ukumbi wa mitambo ya kufuma, wanawake walikuwa wakizimia kwa joto, wanaanguka kati ya nyuzi, mmoja aliangusha uso juu ya chuma. Walikwenda kwa msimamizi. Msimamizi hakuinuka. Alionyesha kwa kalamu kipimo kilichotundikwa ukutani nyuma yake, ndani ya ofisi yake, chini ya feni yake, kikisoma ishirini na nne. "Kipimo hakidanganyi, kina mama," akawaambia. Hawakuwa wamemwambia kimedanganya. Walikuwa wamemwambia wanaungua. Mgomo ulianzia hapo, na arobaini na mmoja wakaishia hapo. Na leo maneno yale yale yametoka kwenye kinywa cha mtoto wake mwenyewe, mtu mwema kuliko wote anaowajua, akimwambia mtu mdogo kuliko wote ndani ya nyumba.

"Usifunike," akasema.

Hakunawa. Aliinama vivyo hivyo, akaliweka shavu lake la miaka sitini na sita juu ya mayai, karibu na pale lilipotoka shavu la miaka minne. Akatulia. Kisha akaingiza mkono, akachukua kile kipimo, akaenda nacho hadi kwenye ndoo ya maji ya kunawia, akakitumbukiza. Alihesabu hadi mia moja, wote wakimtazama kama anayefanya mazingaombwe. Akakitoa, akampa binti yake.

"Nisomee."

Muuguzi akasoma. Midomo yake ikasogea bila sauti, akasoma tena. "Thelathini na nane."

"Basi ndoo ina homa," akasema Bibi. "Tuipeleke hospitali."

Hakuna aliyecheka. Muuguzi alikuwa anakitazama kipimo kama mtu anayemtazama ndugu yake aliyekamatwa kwa wizi. Kisha mkono wake wa kulia, wenyewe, bila kuamriwa, ulifanya jambo ambalo umelifanya mara elfu na elfu kando ya vitanda vya watu: ukakikung'uta, mara tatu, kwa kifundo cha mkono. Zebaki ikaporomoka hadi chini kabisa. Na hapo alielewa, akakaa chini sakafuni. Kipimo cha homa kikipanda hakishuki mpaka ukikung'ute. Ndivyo kilivyotengenezwa, kishikilie joto la mgonjwa hadi muuguzi alisome. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua hilo. Yeye analijua hata usingizini, lakini mgonjwa hajawahi kuwa sanduku, na kipimo hakijawahi kulazwa mahali kikaachwa. Kwa siku nane walikuwa wakisoma joto la siku ya kwanza.

Na mikono yao je? Mikono ilikuwa imetoka kwenye maji baridi kwa sharti lake mwenyewe, na mkono uliopoa kila kitu hukiona cha moto. Nyumba nzima alibaki mmoja tu asiyenawa, kwa sababu alikatazwa kushika.

Fundi alikuwa ameshang'oa makopo. Balbu ya pili ilikuwa imeungua, nyeusi ndani, haijulikani tangu lini. Walivyohesabu ilikuwa tangu siku ya kumi na nne, na ushahidi wao ulikuwa shavu. Alikimbia dukani na kandambili za mkewe. Muuguzi aliyazungushia mayai taulo na chupa za maji ya moto, safari hii akikikung'uta kipimo kila kinapoingia, akikisoma, akikikung'uta tena. Bibi aliyamulika moja moja ndani ya kabati, peke yake, kwa kuwa kama kuna habari mbaya alitaka iwe yake kwanza. Ndani mlikuwa na giza zaidi sasa, viumbe wamekua, wamejaza yai. Katika saba aliona kitu kikisogea. Katika manne hakuwa na hakika. Alitoka akasema ukweli: "Saba nimewaona. Wanne sijui." Swali alitaka kujua "sijui" maana yake ni ndiyo au hapana. Bibi akamwambia maana yake ni sijui.

Siku ya kumi na nane waliacha kugeuza, wakaongeza kitambaa kibichi ndani, wakafunga. Siku ya ishirini na moja, siku ambayo kuku yeyote mwenye kujiheshimu anajua ni siku yake, hakukutokea kitu. Swali alikataa kwenda shule, akapelekwa, akarudi mbio, hakuna kitu. Siku ya ishirini na mbili hakuna kitu. Mwenye nyumba alipita mlangoni, akachungulia, akasema hayo sasa yameoza, wasije wakawaletea wapangaji wenzao harufu. Bibi Mgomo alimjibu kwa adabu kubwa kwamba harufu ya ua huu wanaijua inakotoka.

Lakini alipobaki peke yake adabu ile ilimwishia. Alikaa kwenye kigoda mbele ya redio isiyoimba, akaanza kupanga maneno. Nitawaambiaje. Nilisema watazaliwa. Aligundua kwamba anapanga maneno ambayo alipaswa kuwaambia wanawake arobaini miaka ishirini na miwili iliyopita, na ambayo hakuwaambia, kwa sababu siku ile alikuwa na hasira tu, na hasira haikumwachia nafasi. Akayapanga hata hivyo. Akayakariri.

Asubuhi ya siku ya ishirini na tatu Kifungo aliomba zamu yake. Sanduku lilikuwa halifunguliwi tena, kwa hiyo aliweka shavu juu ya kioo. Aligeuza uso, akaweka sikio. Wakubwa watatu walisimama nyuma yake kama watu wanaosubiri daktari atoke. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Wanabisha hodi," akasema.

Yai lililokuwa karibu na kopo la kushoto lilikuwa na ufa, mdogo kama herufi. Ndani ya ufa ule kulikuwa na ncha ikisogea. Muuguzi alichelewa kazini siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na sita, na hakuomba radhi. Kwa kawaida humwona mama akizaa, alimwambia mama yake baadaye, lakini hajawahi kumwona mtoto akijizaa. Kifaranga alipiga, akapumzika, akapiga, akapumzika muda mrefu wa kutisha, akajizungusha ndani ya ganda akilikata kama mtu anayefungua kopo. Swali alisihi wamsaidie, angalau kwa ukucha mmoja tu. Mama yake akamshika mkono: mishipa bado ina damu, ukimvuta unamwua, kazi hii hafanyiwi mtu. Bibi alisikia hayo akatikisa kichwa kwa heshima. Amewahi kuona watu wazima, wamelishwa wakashiba, wakishindwa kusukuma mlango ambao haukufungwa. Na kitu hiki chenye uzito wa barua, kilichopozwa siku tatu na watu wanaokipenda, kilikuwa kinabomoa ukuta wa nyumba yake kwa ncha ya mdomo.

Alasiri alianguka nje, amelowa, mbaya wa sura, amechoka kama kuli. Akainua kichwa na kuwasema wote. Watoto walimtambua mara moja. Sauti ilikuwa ya Shangazi mtupu.

Mpaka kesho yake mchana walikuwa saba. Manne yalibaki kimya, wakayasubiri siku nyingine mbili, kisha Bibi aliyatia kwenye bakuli, akawaita watoto wakae naye kwenye ngazi ya mlango. Wazazi wao walisimama nyuma. Alianza maneno yake aliyoyakariri.

"Nilisema watazaliwa. Saba wamezaliwa. Hawa wanne hawakuzaliwa, na kosa si lao. Niliahidi kitu ambacho hakikuwa mikononi mwangu peke yangu, na kilichokuwa mikononi mwangu sikukiangalia vizuri. Ndiyo hivyo. Mkitaka kunikasirikia, nipo."

Swali alifikiri. "Ni kwa sababu hatukumsikiliza Kifungo."

"Ndiyo."

Hapo muuguzi aliwazunguka, akachuchumaa mbele ya mwanawe mpaka macho yao yakawa sawa, akamwambia, "Mwanangu, ulisema kweli mara tatu, na mimi nikasoma kioo. Nisamehe."

Kifungo alikuwa anapambana na kifungo cha shati. Alikimaliza kwanza. "Nilisema mara nne," akasema. "Ile ya kwanza mlikuwa mnakula."

Fundi Waya alitazama pembeni. Bibi Mgomo aliangalia mikono yake. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka ile mara ya kwanza, na kila mmoja alijua kwamba mtoto anaikumbuka sawasawa, mahali alipokuwa amesimama na sahani zilizokuwa mezani. Kumbe kumbukumbu hairithiwi kwa kusimuliwa, Bibi aliwaza. Mtu akisema kweli akapuuzwa, inaota yenyewe.

Waliyazika manne pembeni mwa tairi bovu. Wakati huo huo mwenye nyumba alitoka, akawaona saba wakiwa ndani ya boksi juani, manyoya yamekauka, wanakimbizana. Alitabasamu kwa kweli; hata mtu wa namna ile ana macho. Akauliza ni vifaranga wa nani.

"Wa Shangazi," akasema Swali. "Yule kuku tu."

Mwenye nyumba alibaki amesimama na funguo za gari mkononi. Tangu siku hiyo, kabla ya kurudisha gari nyuma, hushuka kwanza akazunguka. Bibi Mgomo hakumshukuru. Amemwekea tu alama akilini kwamba ameanza.

Fundi alinunua kipimo kingine, cha kutundika, chenye maji mekundu yanayopanda na kushuka bila kukung'utwa. Vifaranga wanakaa bado ndani ya redio chini ya balbu mbili, mpaka wapate manyoya ya kutosha. Kila asubuhi kabla ya kwenda kibandani kwake yeye huchuchumaa mbele ya sanduku, anainua kifuniko, na hatazami kipimo.

"Haya, bwana mkubwa. Unasemaje?"

Kifungo anafumba mikono mgongoni, anainama, vifaranga wanamdonoa sikio. "Kidogo bado," anasema siku nyingine, na Fundi anaziba tundu la spika kwa kitambaa. "Sawa," anasema siku nyingine. Ndipo baba yake anapogeuka kusoma namba, na Bibi Mgomo, anayefagia pale pale kila asubuhi hata pasipo na taka, anauegemea ufagio wake na kuangalia.

Jana namba na shavu vilitofautiana. Fundi alitazama kimoja, akatazama kingine, kisha akafungua kopo kukagua balbu.